Umri wa Kumwona Kibogoyo Akifa

Wiki ile Bi Mkasi alikuwa amemtazama Kibogoyo akifa mara kadhaa, na safari hii alipoanguka tena, aliomba taa ziwashwe.

Chumba cha maonyesho kilikuwa chini kabisa ya jengo. Hakikuwa na dirisha. Vitambaa vya viti vilikuwa vimechanika, na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, tone baada ya tone, kiasi kwamba filamu ikiwa na mvua wakaguzi hawakujua mvua ipi ni ya nani. Humo ndimo alimozeekea. Kwa maelezo ya mjukuu wake, kazi ya bibi ilikuwa kuangalia sinema halafu kuwakataza watu wasiziangalie. Jina la Bi Mkasi alipewa na wenye majumba ya sinema, enzi zile wakaguzi walipokuwa wakikata kweli vipande visivyofaa. Siku hizi walipanga umri tu: wote, miaka kumi, kumi na tatu, kumi na minane. Mkasi ulihamia kwa wenye filamu wenyewe, jina likabaki kwake.

Kibogoyo naye alikuwa mtu wa siku nyingi. Alianza kwenye vitabu vya watoto, kisha akaja kwenye filamu, na katika filamu ya kwanza hakuwa na meno ya mbele. Yeye na dada yake, pacha wake, walitumbukia kisimani nyuma ya nyumba yao wakaibukia nchi iliyo chini ya maji, ambako bata wanazungumza na mfalme anaogopa kuoga. Ile waliipitisha kwa watoto wote kabla chai haijapoa. Mwalimu, mkaguzi mwenzake aliyestaafu ualimu, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Ya pili ilikuwa na mchawi, lakini mchawi mwenyewe alikuwa na mafua. Katika ya tatu bata mmoja alichinjwa. Katika ya nne mfalme alifungwa, akarudi hana vidole. Katika ya tano mji ulichomwa moto na watu wakiwa ndani, na hii ya wiki ile ilikuwa ya sita. Kila moja ilizidi iliyoitangulia kwa giza kidogo tu, na kwa kuwa ni kidogo, kila mara waliulizana: kama ile ilipita, hii ina kosa gani? Haba na haba, kibaba kikajaa damu.

Walioanza na vitabu hivyo wakiwa wadogo sasa walikuwa wananyoa ndevu, na hata mvulana aliyeigiza Kibogoyo alikuwa ameota sharubu. Lakini kila mwaka walipatikana wasomaji wapya, watoto wa chekechea juzi, wasiojua kwamba hadithi inayoanza na bata itafika kwenye kisu.

"Kumi na tatu," Mwalimu alisema taa zilipowaka. "Mtoto anachomwa kisu mbele ya mama yake. Tunaonyeshwa damu, tunaonyeshwa macho. Sina la kuongeza."

"Ya tano tuliipa kumi," alisema Mwenyekiti, mtu wa amani ambaye simu ikilia huiangalia kwanza kama anayeangalia nyoka. "Na mle uliungua mji mzima."

"Mji hatukuujua. Huyu tunamjua tangu hana meno."

Wote wawili wakamgeukia Bi Mkasi. Walikuwa watatu, na wawili wakitofautiana, wa tatu ndiye mwamuzi. Alijua kwamba wanamsubiri, na alijua pia kwamba kichwani mwake hamna kitu. Alichokuwa akikiona bado ni yule mama wa Kibogoyo, amepiga magoti mlangoni, kichwa cha mwanawe mapajani, analia. Kamera haikwenda popote. Hapakuwa na muziki. Ilikuwa sauti yake tu, ikaendelea, ikaendelea, mpaka mtu akaanza kujisogeza kitini.

"Nipeni nafasi," alisema. "Macho yamechoka, yataamua vibaya."

Nje, kwenye benchi la korido, msambazaji alikuwa akingoja. Ndiye aliyeleta filamu zote za Kibogoyo na kuzipeleka kwenye majumba ya sinema. Alisimama haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mabango nimeyaona barabarani. Yameandikwa miaka kumi."

"Ndiyo, mama."

"Kibali mlishapata?"

"Tulikuwa na imani."

"Imani si kibali, mwanangu."

Alitabasamu, lakini alikuwa na macho mekundu ya mtu anayepigiwa simu na wakubwa wake kutwa. "Mama, wasomaji wake ndio hao watoto. Nikiwafungia mlango, nimwonyeshe nani? Babu zao? Mkitaka tupunguze, tutapunguza. Semeni tu."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Bi Mkasi aliishi na binti yake, muuza dawa katika duka la hospitali, na mjukuu wake wa miaka kumi waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hajanyamaza. Binti alimpokea na habari kabla hajavua viatu.

"Mama, mwalimu wa Chiriku amenisimamisha getini. Darasa zima linakwenda kuona ile sinema, basi limeshatafutwa. Chiriku amewaambia wenzake bibi yake ndiye anayeipitisha."

"Sipitishi peke yangu."

"Waeleze watoto wa miaka kumi hayo." Binti aliketi, akajikanda shingo. "Na kitabu wameshakisoma, mama. Yote wanayajua. Sasa mnawaficha nini?"

Bi Mkasi hakuwahi kusoma hata kimoja. Vile vya mwanzo mumewe ndiye aliyekuwa akimsomea Chiriku kwa sauti, sebuleni. Mzee alifariki walipokuwa kwenye kitabu cha nne, na tangu hapo Chiriku alisoma peke yake. Bi Mkasi alikuwa amejiwekea sharti kwamba ya ofisini yaishie ofisini, na kwa kuwa Kibogoyo alikuwa wa ofisini, alimwacha hapo.

Jioni, jua likiwa bado lipo, yeye na mjukuu walipanda juu ya paa kuanua nguo.

"Mjane mwenzangu," alimwita, maana huo ndio uliokuwa utani wao tangu mzee afariki, "shika kapu."

Chiriku alishika kapu. Alipokea shati, akapokea shuka, akapokea soksi moja, kimya. Chiriku akinyamaza ni kama redio iliyokwisha betri: mtu huitikisa kwanza.

"Una homa?"

"Sina."

"Umegombana na mtu?"

"Hapana. Bibi, mmeshaamua?"

"Bado. Na tukiamua, utasoma kwenye bango kama wenzako."

Mtoto alikunja ile soksi moja mara nyingi kuliko inavyostahili soksi. "Mkisema kumi na tatu, mimi sitanuna."

Bi Mkasi aliacha kibanio kikining'inia kwenye kamba. "Si wewe uliyewatangazia darasa zima?"

"Nimesema tu sitanuna."

"Kitabu umekisoma?"

"Nimekisoma chote." Kisha, kwa sauti ndogo, "Isipokuwa ile sura. Nilifika pale mlango unapofunguliwa, nikafunga kitabu, nikaenda kunywa maji. Niliporudi nikaanzia sura inayofuata. Najua anakufa. Sijui anakufaje. Wenzangu nimewaambia nimeisoma mara mbili."

"Kumbe."

"Kitabu ukiogopa unafunga, bibi. Kule sinema nitafunga nini?"

"Macho."

"Na masikio?"

Bi Mkasi alitazama nguo zilizobaki kwenye kamba. Miaka yote ile chini ya jengo walijadili kinachoonekana: damu kiasi gani, kidonda ukubwa gani. Masikio waliyataja mwishoni, kama waliyataja.

Angeweza kummalizia jambo lake. Kura moja tu, na Chiriku angeokoka bila aibu: angerudi shuleni na sura ya huzuni, awalaani wakaguzi pamoja na wenzake, kisha alale salama. Wazo lilikuja likakaa, na lilikuwa tamu. Ndiyo maana alilitilia shaka.

"Siwezi kuwapangia watoto wote umri kwa ajili yako," alisema.

"Najua. Ndiyo maana sijaomba."

Msambazaji hakupoteza muda. Alirudi na filamu ikiwa imepunguzwa, akaomba aketi nao waitazame pamoja. Taa zikazimwa. Bata walipita, mfalme asiye na vidole akapita, ukafika mlango. Ukafunguliwa. Kivuli kikainua mkono. Kibogoyo akaanguka. Hapohapo zikapigwa ngoma, na jeshi likaonekana juu ya kilima, dada yake mbele na upanga mkononi, nywele zinapepea.

Damu haikuwepo. Macho hayakuwepo. Mama naye hakuwepo.

"Hii nyepesi," Mwalimu alisema taa zilipowaka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Hii naikubali. Kumi."

"Nami kumi," alisema Mwenyekiti.

"Mama yake yuko wapi?" Bi Mkasi aliuliza.

Msambazaji aligeuka. "Tumemtoa, mama. Mwongozo wenu unahesabu damu, unahesabu mayowe, unahesabu urefu wa mateso. Vyote vitatu nimevitoa."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomchosha Bi Mkasi zaidi. "Mrudishe mama, toa kisu."

"Kisu ni kifupi. Kilio ndicho kirefu. Kilio ndicho kinachotupeleka kumi na tatu."

"Mtoto amekufa na hakuna aliyelia," Bi Mkasi alisema. Hakupandisha sauti. "Ameanguka, ngoma zikapigwa. Ile ya kwanza ilitisha, sikatai, na kumi na tatu ingeifaa. Hii haitishi kabisa. Mtu anachomwa kisu na wala haitishi. Hii ndiyo tunawapa wadogo?"

"Tunataka wasiote ndoto mbaya," alisema Mwenyekiti, kama anayeomba radhi.

Mwalimu alivua miwani akabonyeza pembe za macho. "Mwenzangu, mimi nimechoka. Tangu mwaka uanze nimekaa kwenye kiti hiki nikiona watu wakichinjwa, wakizamishwa, wakilipuliwa. Jana nilimwona mjukuu wangu anacheza sakafuni nikashtuka kwamba hakuna baya linalotaka kumtokea. Nikiletewa isiyo na damu, nashukuru. Usiniombe nitafute ubaya mahali ulipotolewa."

Bi Mkasi alimwelewa. Walikuwa wamekaa viti vya jirani muda mrefu mno kwake kujifanya haelewi. Alisema tu kwamba yeye kwa hii hatoi kumi, na iandikwe hivyo. Ikaandikwa. Wawili kwa mmoja. Filamu ikapita kwa watoto wa miaka kumi, na msambazaji akaenda kwenye korido kupiga simu. Walimsikia akisema, "Imepita, bosi," halafu kimya, halafu, "Ndiyo, nakwenda kulala sasa."

Asubuhi ya Jumamosi Bi Mkasi alikaa jikoni na beseni la viazi. Chiriku alivuta kigoda, akachukua kisu kidogo. Binti alikuwa kazini.

"Nimeona bango," mtoto alisema. "Wamebandika na muhuri wenu."

"Ndiyo."

"Basi nitakwenda."

"Siku hiyo tumbo linaweza kukuuma," Bi Mkasi alisema. "Mimi nitaamini, na mama yako nitamshawishi aamini."

Chiriku alilifikiria. Alilifikiria kwa dhati, ganda la kiazi likirefuka hadi kugusa sakafu. "Kesho yake wenzangu watanihadithia," alisema. "Nitaambiwa na yule mnoko anayekaa nyuma yangu. Bora nijue kabla."

Sheria ya kazi ilimkataza mkaguzi kusimulia filamu ambayo haijatoka. Bi Mkasi alikausha mikono kwenye kanga, akasimulia. Alimwambia mlango ulikuwa wa mbao na ulifunguliwa polepole. Alimwambia aliyeingia ni nani, maana hilo nalo mtoto hakulijua. Alipofika kwenye kisu hakuharakisha, wala hakupamba.

"Aliumia?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana, lakini si muda mrefu."

"Alisema kitu?"

"Alimwita mama yake. Mama alikuwa chumba cha pili, akaja. Akapiga magoti, akakiweka kichwa chake mapajani, akawa anamfunga vifungo vya shati. Vilikuwa vimefunguka. Alifunga kimoja kimoja, huku analia. Analia kwa nguvu, hajali nani anamsikia."

Chiriku alikuwa ameacha kumenya. "Alinyamaza saa ngapi?"

"Sijui. Walituonyesha mambo mengine, yeye tukamwacha bado analia."

"Kama wewe babu alipokufa."

"Mimi sikulia hivyo."

"Ulilia bafuni," mtoto alisema. "Ulifungua bomba. Lakini nilisikia."

Bi Mkasi aliokota kiazi ambacho kilikuwa kimeshamenywa, akakigeuzageuza. Mwishowe alisema, "Hukuja kubisha hodi."

"Ulifungua bomba," Chiriku alisema tena, kama vile hilo linatosha kueleza. Na kweli lilitosha.

Wakamaliza viazi. Mtoto hakulia. Aliomba asimuliwe tena mahali pa vifungo, akasimuliwa, kisha akauliza kama mchana wanaweza kukaanga, na mdomo wake ukafunguka kama bomba hilohilo, akaongea bila kituo mpaka mama yake aliporudi.

Jambo moja Bi Mkasi alilisahau kwa uchovu wake. Hakumwambia kwamba aliyosimuliwa ni ya filamu nzima, na atakayoiona ni ile iliyopunguzwa.

Alilikumbuka siku Chiriku aliporudi kutoka sinema. Mtoto aliingia, akaweka mkoba, akasimama mbele ya kiti cha bibi yake mikono kiunoni.

"Haikuwemo."

"Nini?"

"Mama yake. Vifungo. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nimeshika mikono ya kiti, halafu akaanguka na zikaanza ngoma. Umenidanganya?"

"Sijakudanganya. Ilikuwemo. Imekatwa."

"Na nani?"

"Na mwenye filamu. Sisi tukakubali."

"Na wewe?"

"Mimi sikukubali. Lakini muhuri ni wetu sote, kwa hiyo nami nimo."

Chiriku aliketi sakafuni, akafungua viatu. Alikuwa amekasirika kikubwa, bila kelele. "Wengine hawakujua hata kama amekufa, bibi. Yule mnoko aliuliza atarudi saa ngapi. Mmoja alicheka kwa sababu kiatu kiliruka. Na hao wote ati wamesoma kitabu." Alitoa kiatu cha pili. "Basi tulipokuwa kwenye basi nikawaambia."

"Ukawaambia nini?"

"Ulivyoniambia wewe. Mama yake, magoti, vifungo, kulia. Nikawaambia hakunyamaza. Basi zima lilinyamaza. Hata dereva alizima redio."

Bi Mkasi alitaka kumuuliza kama kuna aliyelia, akaona afadhali asijue.

Hata hivyo alikuja kujua. Mwanzoni mwa wiki Mwenyekiti alimwita ofisini kwake akafunga mlango, jambo asilolifanya.

"Kuna mzazi amepiga simu," alisema. "Mama mmoja, mkali sana. Mwanawe alikwenda na shule kumwona Kibogoyo, akarudi akalia jioni nzima, hataki yeye mama atoke jikoni. Anasema tumewaonyesha watoto wa miaka kumi mama akimlilia mwanawe maiti. Amenieleza yote, mpaka vifungo vya shati." Alifuta paji la uso. "Nikampigia msambazaji nikimuuliza kama wamepeleka nakala isiyo yenyewe. Ameapa kwa kila anachokiamini. Amekwenda mwenyewe kukagua. Ni nakala yetu, iliyokatwa. Sasa mimi sielewi. Mtoto amekiona wapi kitu ambacho hakimo?"

"Hakukiona," Bi Mkasi alisema. "Alisimuliwa, kwenye basi, na mwenzake."

"Na huyo mwenzake alikijuaje?"

"Nilimsimulia mimi. Ni mjukuu wangu."

Mwenyekiti alimtazama. Aliangalia dari, akaangalia simu. Bi Mkasi alisubiri aambiwe habari ya sheria ya kazi, na alikuwa tayari. Kwa kweli alikuwa amechoka kiasi kwamba kama angeambiwa akusanye vitu vyake angeuliza tu kama kuna boksi.

"Huyo wako," Mwenyekiti aliuliza, "analala?"

"Analala fofofo."

"Hm." Akaiangalia simu tena. "Sasa huyu mama nimjibu nini? Nikimwambia hakimo, mwanawe ataitwa mwongo."

"Ataitwa."

"Na si mwongo."

"Si mwongo."

Mwenyekiti, ambaye watu walimjua kwa kumwachia katibu simu zote za lawama, alivuta ile simu karibu, akabonyeza namba mwenyewe. Iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, sauti ya yule mama ilisikika hadi kiti cha pili. Alimwacha aseme.

"Ndiyo, mama," alisema alipopata nafasi. "Nimefuatilia. Mwanao anasema kweli, kipande hicho kilikuwepo. Sisi ndio tuliokubali kikatwe. Ndiyo. Hapana, hakukiona, alisimuliwa. Na kilichosimuliwa ni hivyohivyo kilivyokuwa." Akasikiliza. "Hapana, mama, sijui ungemwambia nini. Mimi nadhani ungekaa naye hapo jikoni."

Sauti ya upande wa pili ikapanda tena, ndefu, haina dalili ya kuisha. Mwenyekiti aliziba simu kwa kiganja, akamwashiria Bi Mkasi kwa kichwa kwamba anaweza kwenda, hii atabanana nayo mwenyewe.

Bi Mkasi aliutazama mlango. Kule chini Mwalimu alikuwa ameshakaa kitini anamsubiri, kuna filamu nyingine ya kukagua. Akarudisha mgongo kwenye kiti, akavua viatu chini ya meza, akabaki palepale kumsikiliza yule mama pamoja naye.